Pete Ambayo Haikulia

Mimi Jagsir sijawahi kuharibu kitu. Uliza karakana yoyote ya Barabara ya Samrala hapa Khanna, uliza hata wale wasionipenda, nao ni wengi maana nina mdomo. Miaka mitano mfululizo nimesimama mbele ya zana siku ya Vishwakarma, nikaulizwa mbele ya watu wote, "Jagsir, mwaka huu umeharibu nini?" nami nikajibu, "Masikio yenu tu." Watu wakacheka, nikapewa ladu yangu, ile tamutamu ya mviringo, nikaila yote mpaka kulamba vidole. Fundi wa miaka ishirini na minne asiye na doa! Kama kungekuwa na kombe la jambo hilo, mama yangu angekuwa ameshaliweka juu ya televisheni.

Utaratibu huo wa kuulizwa ulikuwa wa Ustad Pakhar Singh, mwenye karakana. Siku inayofuata Divali ndiyo ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, na mafundi wote wa Punjab hupumzisha zana. Mashine haziwashwi. Nyundo na tupa huoshwa kwa maziwa yaliyotiwa maji, hufungwa uzi mwekundu, na hakuna anayekaza hata skrubu ya miwani yake. Kwetu kulikuwa na nyongeza. Kabla ya ladu kugawiwa, kila fundi alisema, mbele ya wenzake na wateja walioalikwa, kitu alichokiharibu mwaka ule akakificha. Ustad ndiye aliyeanza kila mara.

"Nilikata shafti ya Gurbax fupi kwa unene wa kidole," alisema mwaka mmoja. "Nikamwambia chuma kilikuwa kibovu. Gurbax, chuma kilikuwa kizima. Mbovu nilikuwa mimi."

Gurbax alikuwa amekaa palepale na chai yake. Akamwita mwizi, akamwita mzee wa hovyo, kisha akamkumbatia, basi. Likishasemwa siku hiyo limekwisha, na ilikuwa mwiko kulitaja tena.

Mimi nilidhani ni michezo ya wazee.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vinu vya mafuta ya haradali. Kinu cha aina hiyo, ukikifungua, ni parafujo nene kama paja inayozunguka ndani ya pipa la vyuma. Mbegu zinaingia upande mmoja, parafujo inazisukuma mbele kwenye mlango mwembamba, zinabanwa mpaka zinatoa mafuta. Sasa, mbegu nazo hazikubali kuonewa bure. Kadiri parafujo inavyozisukuma mbele, ndivyo zinavyoisukuma parafujo irudi nyuma, mchana kutwa, bila kuchoka. Lazima pawe na kitu nyuma ya shafti kinachopokea msukumo huo na huku kinaiacha shafti izunguke. Kitu hicho ni beringi ya msukumo.

Siku yangu ya kwanza kazini Ustad alinisimamisha nyuma ya mlango wa stoo, mgongo kwenye mbao, akamwambia Tarsem ausukume kutoka nje. Tarsem ndiye fundi wetu wa mashine ya kukereza, mwanaume wa kilo mia na kilemba juu yake.

"Beringi za kawaida ni punda," Ustad alinieleza huku viatu vyangu vikiserereka sakafuni. "Zinabeba mzigo mgongoni. Hii ya msukumo si punda. Hii ni wewe hapo ulipo. Ukiondoka, nini kinatokea?"

"Tarsem anaingia, Ustad-ji!"

"Tarsem anaingia," akakubali. "Na akiingia Tarsem, hakuna kinachobaki kizima."

"Basi hii beringi inaomba likizo ya ugonjwa," nikasema, na kutoka nje ya mlango nikamsikia Tarsem akicheka mpaka akalegeza. Hivyo ndivyo nilivyopata jina la mchekeshaji kabla sijapata jina la fundi.

Beringi yenyewe ni pete mbili za chuma, nene kama bangili za bibi harusi, na katikati yake mduara wa gololi. Pete moja inakaza kwenye shafti na kuzunguka nayo. Nyingine inatulia ndani ya kikombe cha chuma, na shafti inapita katikati yake bila kuigusa. Matundu ya pete hizo mbili yamepishana kwa unene wa nywele mbili tatu. Ukiziweka mezani ni mapacha. Ukizibadilisha, ile inayobana inakaa mahali pa ile iliyolegea, shafti inazunguka ndani yake chuma kwa chuma, na hapo umewasha moto usioonekana.

Kwa hiyo Ustad alikuwa na njia yake. Alisimamisha shafti wima juu ya gogo, akaiachia pete ishuke kutoka juu. Pete inayobana inakwama njiani, kimya. Iliyolegea inateremka yenyewe mpaka chini, inagonga bega la shafti na kulia: *ting!* Iliyolia inakwenda kwenye kikombe. Iliyonyamaza inabaki kwenye shafti. Hata mtoto angeweza.

Ila Ustad mwenyewe alikuwa haisikii tena. Miaka arobaini na mitano ya nyundo ilikuwa imemla masikio. Miaka yote hiyo aliisikia kwa vidole: aliishika shafti, na mtetemo ukamwambia. Kisha, majira ya baridi ya mwaka juzi, mikono nayo ikaanza kutetemeka. Kikombe cha chai kilifika mdomoni nusu. Mkono unaotetemeka wenyewe hauwezi kusikiliza mtetemo wa chuma. Basi nikawa mimi ninayeziachia pete, na yeye akiuliza tu, akinitazama midomo:

"Imelia?"

"Imelia, Ustad-ji."

Kwa neno hilo moja alikuwa akifunga vinu vya vijiji sitini. Jina lake lilikuwa limekaa juu ya neno langu. Nililijua hilo wakati ule kama ninavyolijua sasa, sitajifanya sikulijua.

Kinu ninachotaka kusimulia kilikuwa cha Surjan Kaur, mjane wa kijiji cha Bhattian. Mumewe alimwachia kinu hicho, mtoto wa kike aliyekuwa shuleni, na mama mkwe. Mama mkwe, Bebe Dhan Kaur, alikuwa kipofu kwa mwaka wa kumi. Kitanda chake cha kamba kilikaa palepale kinuni, ubavuni mwa ukuta unaotazamana na bwawa la kijiji, naye akichambua dengu kwa vidole kutwa nzima. Kelele za kinu zilikuwa jamaa zake. Alijua mkanda umelegea kabla Surjan hajajua.

"Chiriku amekuja," alikuwa akisema kabla sijazima skuta.

"Bebe, umenionaje?"

"Macho ya nini kwako wewe? Mdomo wako unafika kabla ya skuta."

"Bebe-ji, si ulisema utanitafutia mchumba?"

"Nimeshampata. Mzuri, mpole, ana ng'ombe wawili."

"Tatizo lake?"

"Hana tatizo. Kiziwi."

Siku hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya Baisakhi, sikukuu ya mavuno ya Aprili. Haradali ilikuwa imeshavunwa, na magunia ya vijiji vitatu yalikuwa yamepangwa uani kwa Surjan kufika usawa wa kifua. Beringi ya zamani ilikuwa imechoka, tumekuja kuweka mpya ili kinu kianze msimu. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Saa tisa alasiri kulikuwa na mashindano ya kabadi, ule mchezo wa kukamatana, kijiji cha pili, na vijana wenzangu walikuwa wameahidi kunipitia. Mikono ya Ustad ilikuwa mibaya asubuhi ile; alijaribu kufungua boksi la beringi, akashindwa, akanipa bila kunitazama. Kisha Surjan akamwita upande wa injini akaangalie mkanda.

"Ziachie kwanza," Ustad alisema akiondoka. "Usikimbilie."

"Ustad-ji, nimewahi kukimbia?"

Nikabaki na pete zangu mbili na Bebe akichambua dengu. Shafti ilikuwa bado imelala juu ya magunia, nzito. Kuisimamisha wima peke yangu ingenitoa jasho, na nguo nilizovaa zilikuwa za kwenda kwenye kabadi. Nikaziinua pete kwenye mwanga. Nikafunga jicho moja, nikafungua lingine. Nikajiambia hii ndiyo yenye tundu jembamba, ya shafti. Nikawa ninaimba, kama kawaida yangu, wimbo wa harusi ya jirani. Pete ya kikombe ilipoingia kwenye shafti ilibana kidogo. Pete ya kikombe haitakiwi kubana hata kidogo. Nikaigonga kwa nyundo ya mbao mara tatu, ikakaa, nikasema moyoni, safi, chuma kipya hiki.

Ustad aliporudi tayari nilikuwa nimepaka grisi, ninafuta mikono.

"Imelia?"

"Imelia, Ustad-ji. Imelia kama kengele ya shule."

Akatabasamu, akanipiga bega. "Nenda kwenye kabadi yako," akasema. "Unadhani sikuliona hilo shati?"

Kinu kilisaga siku tano. Siku ya sita, saa nne asubuhi, simu ya Surjan ilipigwa karakanani, na Tarsem aliyeipokea akaishika mbali na sikio lake. Tulipofika, moshi ulikuwa bado haujaisha. Shafti ilikuwa imekwama ndani ya pete, imeungua rangi ya buluu na kahawia, parafujo imerudi nyuma na kuuma vyuma vya pipa, na kikombe, chuma cha kusubu cha unene wa kiganja, kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Tarsem alikuwa ameingia, na kweli hakuna kilichobaki kizima.

Surjan alikuwa amesimama na mikono kichwani. Bebe Dhan alikuwa kwenye kitanda chake, ameacha dengu.

"Kimepiga ukelele," Bebe alisema, bila kumwambia mtu. "Kama mtu."

Nilianza kufungua. Ustad alikuwa ameinama upande wa parafujo. Nilipoitoa pete ya kikombe kwa mtalimbo, nikaona ndani ya tundu lake: mng'ao mtupu, umeng'arishwa na shafti iliyozunguka ndani yake siku tano. Hakuna fundi ambaye angeiona pete ile akauliza swali la pili. Ilikuwa imeandikwa jina langu. Ikaniunguza kiganja, maana ilikuwa bado ya moto. Nikatazama huku na huku. Ustad amenipa mgongo. Surjan analia. Tarsem yuko kwenye gari. Nikanyoosha mkono juu ya ukuta, nikaiachia.

*Chubwi.*

"Chura," nikasema kwa sauti, kumchekesha Bebe. Hakucheka.

"Ustad-ji," Surjan akauliza hatimaye, amejifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Beringi ni mpya. Mimi sijazidisha mbegu, mama shahidi. Niambie tu ukweli. Nani aliyeifunga?"

Ustad alikuwa amepiga magoti mbele ya shafti. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo, polepole, akienda na kurudi. Mkwaruzo ulikuwa mahali ambapo shafti haitakiwi kuguswa na kitu chochote. Kidole kikatua hapo, kikakaa. Kisha akaniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayekusubiri upande wa pili wa barabara, magari yapite kwanza.

Nikainama kukusanya spana.

"Mimi," Ustad akasema.

"Mikono yako, Ustad-ji," Surjan akasema, na kwa jinsi alivyosema, pole na hasira vikiwa pamoja, nilitamani angepiga kelele. "Ungeniambia tu kwamba mikono imekataa. Ningengoja."

"Ningekuambia," Ustad alisema. "Unisamehe, binti yangu."

Tulirudi kwa skuta, mimi mbele, yeye nyuma. Nilianza hadithi ya yule mteja aliyeleta friji tuitie grisi. Akaniwekea mkono begani, ule mkono unaotetemeka, nikausikia ukitetemeka mpaka kwenye meno yangu.

"Leo usinichekeshe, mwanangu."

Kikombe kipya kilihitaji kusubiwa upya, na msimu haumngoji mtu. Wenye magunia walikuja na matrekta wakabeba haradali yao kwenda vinu vingine. Kabla ya nusu kubebwa, ikanyesha ile mvua ya Aprili isiyo na adabu, na magunia yaliyobaki yakavunda. Bebe Dhan, walisema watu, alikuwa akiamka asubuhi akiuliza mbona nyumba imenyamaza.

Habari zilikwenda vijiji sitini kwa kasi ya trekta. Kinu baada ya kinu kikahamia karakana nyingine. Wateja waliobaki waliniita mimi pembeni. "Jagsir, ufunge wewe. Mzee akae." Mafundi wenzake watatu, watu wa umri wake, walikuja na pakiti ya chai na biskuti, wakakaa naye nusu siku wakizungumza habari za mvua, na wakati wa kuondoka wakamwambia kwa upole apumzike sasa. Kuanzia siku hiyo hakugusa beringi. Alikaa mlangoni kwenye kitanda cha kamba na kipande cha chuma na tupa, akakikwangua kipande hicho bila kukifanya kitu. Kila jioni kilikuwa chembamba zaidi.

Mimi nikawa fundi mkuu. Niliziachia pete zote tangu hapo. Shafti wima, gogo chini, *ting*, *ting*, kila siku. Hakuna aliyezisikiliza kama mimi.

Na kila asubuhi, nilipomsalimia nikamgusa miguu, Ustad aliniuliza jambo lilelile.

"Jagsir. Una neno?"

"Sina, Ustad-ji. Labda wewe unalo."

"Mimi sina," alisema, na kurudi kwenye tupa yake.

Mwanzoni nilidhani ni uzee. Kisha nikaacha kudhani hivyo, nikaanza kuchelewa makusudi ili nimkute na watu. Aliuliza hata mbele ya watu, na hakuna aliyejua anauliza nini isipokuwa sisi wawili. Mara moja, mwezi wa saba, nilifika na neno lenyewe mdomoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nikamkuta anajaribu kuvaa kiatu, kamba haziingii. Nikapiga magoti nikamfunga, nikamwambia, "Ustad-ji, una miguu kama ya bibi harusi." Akacheka kidogo. Nikasema moyoni, kesho.

Wakati wa mvua kubwa za huku kwetu, mwezi wa nane, alipanda basi peke yake kwenda Bhattian. Hakusema alikwenda kufanya nini. Alirudi amelowa mpaka kilemba, akaugua kifua, na hakuamka tena sawasawa. Mwezi wa tisa walimlaza hospitalini. Mkewe, Bibi Bachint Kaur, alikuwa anamlisha uji wa mchele kwa kijiko. Nilipoingia alinipisha kiti, kama mtu anayempisha mwana wa nyumba.

"Huyu hapa," akamwambia mumewe, karibu na sikio. "Jagsir wako."

Alifungua macho. Mikono ilikuwa imetulia juu ya shuka, mara ya kwanza kwa miaka miwili. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniogopesha.

"Jagsir," akasema. "Una neno?"

Bibi Bachint alikuwa pale. Muuguzi alikuwa pale. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza redio.

"Ninalo, Ustad-ji," nikasema, na naapa nilikuwa ninalo. "Yule mteja wa friji amerudi. Safari hii ameleta pasi. Anasema inapiga kelele, tuitie grisi."

Alinitazama midomo. Kisha akatabasamu, tabasamu lilelile la siku ya kabadi, akafumba macho. Akafariki keshokutwa yake, mchana, nikiwa Bhattian ninafunga beringi ya kinu cha Surjan, kinu kilekile, kikombe kipya. Ililia vizuri. Nilipokuwa ninapakia spana Tarsem akanipigia simu.

Siku ya Vishwakarma ya mwaka huu ilikuwa wiki mbili zilizopita. Bibi Bachint alisema tufanye kama alivyokuwa akifanya yeye. Tuliosha zana kwa maziwa. Nyundo yake tuliiweka katikati, tukaifunga uzi mwekundu, na juu yake shada la maua ya rangi ya chungwa. Wateja wengi walikuja, hata wale waliotuhama, kwa aibu ya kurudi wakati mzee hayupo tena. Surjan alikuja, amemshika mkono Bebe Dhan, akamkalisha kwenye kile kitanda cha kamba cha mlangoni. Ilijulikana, bila mtu kuitangaza, kwamba baada ya ladu Bibi Bachint atanikabidhi ufunguo wa karakana. Ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya mtandio wake. Niliuona.

Tarsem akaanza.

"Mimi," alisema, ametoa jasho, "nilivunja kisu kikubwa cha mashine mwezi wa pili. Nikasema kimeibwa. Mpaka nikamsingizia yule muuza karanga."

"Kumbe!" muuza karanga akapiga kelele kutoka barabarani, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Tarsem akapata ladu yake huku machozi yakimtoka.

Bibi Bachint akanijia na sinia. "Haya, mwanangu. Mwaka huu umeharibu nini?"

Watu walishaanza kutabasamu. Walikuwa wanangoja ile yangu ya masikio. Na mimi, kwa sababu walikuwa wananingoja, nikachukua ladu kwanza, nikaing'ata nusu, nikawapa walichokijia.

"Masikio yenu tu," nikasema. Wakacheka. Ningeishia hapo. Lakini nilimwona Surjan ananitazama, nikahisi ni lazima niseme jambo la kiungwana juu ya marehemu. "Na kile cha Bhattian," nikaongeza, "tunajua mikono gani ilikiharibu. Mungu ameshaisamehe. Nasi tumsamehe mzee wetu."

Wanawake wawili watatu wakainamisha vichwa. 

"Chiriku," akaita Bebe Dhan.

"Ndiyo, Bebe-ji."

"Nilete mbele yako. Nataka nizungumze na mdomo wako, siuoni."

Watu wakacheka tena, kidogo. Surjan akamwinua, akamleta. Alinyoosha mkono, akanigusa kifua, akaupandisha mpaka kwenye shavu langu lililojaa ladu.

"Siku ile uliimba wimbo wa harusi," alisema. "Beti tatu. Katika ubeti wa pili ulipiga chuma kwa mti, mara tatu. Kisha ukapaka grisi, nilisikia harufu. Pakhar akarudi akakuuliza, imelia? Ukamwambia imelia kama kengele ya shule."



"Miaka thelathini Pakhar na mafundi wake wamebadilisha beringi ubavuni mwangu. Ile *ting* naijua kama jina langu. Siku ile haikulia, Chiriku. Nikasema labda masikio yangu nayo yanaondoka, kama macho. Kisha siku ya moshi nikasikia kitu cha moto kinaingia bwawani. Chura hafanyi *tsss*."

"Bebe," nikasema. Ladu ilikuwa mdomoni. Haikushuka wala haikutoka.

"Alipokuja kwangu kwenye mvua, nilimwambia yote. Unajua alinijibu nini?" Kidole chake kilikuwa bado kwenye shavu langu. "Alisema, 'Najua, Bebe. Shafti ilishaniambia. Usiseme kwa mtu. Mvulana ana woga tu. Siku ya Vishwakarma atasema mwenyewe.' Nikamuahidi nitangoja siku hiyo. Nimengoja. Nimengoja mpaka umemaliza kusema."

Surjan alikuwa ameweka mkono mdomoni. Tarsem alikuwa ananiangalia kama mtu anayeusukuma mlango na kugundua nyuma yake hakukuwa na mtu siku zote.

Bibi Bachint Kaur hakulia. Hakugusa fundo la ufunguo kwenye mtandio wake, wala kulifungua wala kulificha. Alisimama palepale, sinia mikononi, mbele ya nyundo ya mumewe, akaisogeza sinia karibu nami kidogo zaidi, kama mtu ambaye hajasikia jibu.

"Jagsir," akasema. "Mwaka huu umeharibu nini?"